Fundi Aliyegonga Diski

Kwa miaka mingi hakuna diski ya breki iliyofungwa kwenye gari langu kabla ya kupita kwenye sikio la mtu mmoja pale Awendo. Jina analo, na kanisani kwake wanalitumia, lakini sisi wenye magari tulimwita Fundi tu. Mgeni akiuliza fundi yupi, anaambiwa Fundi wa Breki, yule aliye karibu na yadi ya matrekta ya miwa. Injini hakugusa. Umeme hakugusa. Ukimpelekea gari linalotoa moshi mweusi, alikunyooshea kidole upande wa pili wa barabara, akarudi kwenye kazi yake kana kwamba hukuja.

Mimi nilimjua kwa sababu ya mguu wangu wa kulia. Nina duka la vitambaa Migori, aliloniachia baba, na jingine dogo Homa Bay, kwa hiyo mara mbili kwa wiki niko barabarani: Migori, Awendo, Rongo, halafu kushoto kuteremkia ziwani. Na naendesha mbio. Sioni haya kulisema, nimeshasemwa vya kutosha. Mara mbili tatu kwa mwaka huenda mpaka kule karibu na Nairobi, kwenye uwanja wa mbio, Jumapili ambazo watu wa kawaida huruhusiwa kuingia na magari yao na kukimbia wanavyotaka, bila polisi, bila ng'ombe, bila trela la miwa lisilo na taa. Baba, aliyetoka Pwani kuja kuuza leso na kanzu huku, alifariki akiamini kwamba Jumapili hizo nilikuwa nimefuata mali ya duka.

Mtu anayekimbiza gari hivyo ana hofu moja kubwa, kwamba siku moja atakanyaga breki na gari lisisimame. Mengine yote ni maringo. Ndiyo maana nilikuwa radhi kungoja kwenye benchi la Fundi nusu siku nzima, mimi ambaye sina subira hata ya chai kupoa.

Kazi yake ilikuwa hivi. Kwenye boriti ya kibanda chake kulikuwa na waya unaoning'inia, na mwisho wa waya kulabu. Akiifungua diski, aliifuta kwa kitambaa, akaitundika kwenye kulabu, akaiacha itulie. Kisha alitoa mfukoni spana nambari kumi na kuigonga ukingoni, pigo moja, si kwa nguvu. Diski nzima ililia, mlio mrefu ukafifia taratibu. Diski yenye ufa ilitoa mlio mfupi mzito, ukakatika. Hiyo aliiita diski inayokohoa.

"Hii inakohoa," alikuwa akisema, akaishusha na kuitupa nyuma ya kibanda, kwenye lundo la vyuma vya kuuzwa kwa kilo. Hakukuwa na rufaa. Nilimwona dereva mmoja wa lori la miwa akimbembeleza mpaka karibu apige magoti, kwamba avumiliwe wiki moja tu. Fundi akamuuliza kama ufa nao umekubali kungoja wiki moja.

Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia bila kuona aibu. Alipenda kusema kwamba injini ni ya kwenda na breki ni ya kurudi nyumbani. Alisema pia kwamba dereva mbio si mbaya, mbaya ni dereva mbio mwenye haraka. Hilo nililifikiria sana kwenye benchi lile, na mpaka leo sijui kama nimelielewa, ila naliamini.

Mimi aliniita nyar Migori, binti wa Migori, ingawa alijua kwetu ni Pwani. Nilimwamkia "Shikamoo, Fundi," akawa anacheka kila mara, kwa sababu huku wengi husema "Habari" na kupeana mkono, basi. Alicheka lakini aliitikia.

Kuhusu kuchagua diski alikuwa na msimamo ambao ulimfanya agombane na nusu ya vijana wenye magari ya turbo kutoka Migori mpaka Homa Bay. Mwaka mmoja diski zilizotobolewa matundu zilikuwa zimeingia kwa kishindo. Kila mtu alizitaka. Zinang'aa, zinaonekana kupitia kwenye rimu, na ukiegesha mbele ya hoteli watu wanainama kuzitazama. Nami nikaagiza zangu kutoka Nairobi, nikazipeleka Awendo kwenye boksi nimelikumbatia.

Akaitoa moja. Akaitazama, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Nyar Migori, wewe unataka kupendeza ama unataka kusimama?"

"Nataka vyote viwili, Fundi."

"Hapana. Chagua moja."

Akanieleza kwa namna yake. Ufa hauanzi popote tu, unatafuta mahali pa kuanzia, na tundu ni mahali pazuri pa kuanzia. Mtu wa kwenda sokoni na kurudi anaweza kuishi na matundu yake mpaka gari lizeeke. Mtu wa kukanyaga breki kutoka mwendo mkali, kona baada ya kona, diski inakuwa nyekundu, inapoa, inakuwa nyekundu tena, huyo baada ya muda ataona vistari vidogo vimeanza kutoka tundu moja kwenda jingine. "Na siku vikikutana," akasema, "utasimama kwa ukuta."

Nilikasirika, nakiri. Nilimwambia kwamba magari ya mashindano ya Ulaya yana matundu. Akaniuliza kama magari hayo hubadilishiwa diski baada ya kila mbio, nikalifunga boksi, kwa sababu nilijua hubadilishiwa. Diski zangu za matundu bado ziko dukani Homa Bay. Moja inazuia mlango usijifunge kwa upepo wa ziwani.

Alichotaka yeye ni diski isiyo na mapambo, nene, yenye uwazi katikati wa kupitisha hewa, na nzito. Uzito aliupima kweli. Alikuwa na mizani ya kutundika, ile ya samaki, aliyoipata Karungu kwa mama mmoja aliyeacha biashara ya mbuta. Ilikuwa bado na harufu. Alitundika diski mpya pale, akasoma, kisha akatundika ile ya zamani iliyokuja na gari kutoka Japani, akalinganisha. Kama mpya ilikuwa nyepesi kuliko ile iliyolika, aliirudisha kwenye boksi. Chuma ndicho kinachokunywa joto, alisema, na boksi haliwezi kunywa joto hata likiwa na maandishi ya dhahabu. Mistari iliyochongwa juu ya diski aliikubali shingo upande. Husafisha pedi zinazobana diski, alisema, lakini pia huzila.

Tena hakukuachia gari ukaondoka nalo hivihivi. Baada ya kufunga diski mpya na pedi mpya na kutia mafuta mapya ya breki, alikaa kwenye kiti cha abiria na kukuamuru uende barabara ya Rongo. "Kimbia. Kanyaga. Usisimame, achilia. Kimbia tena." Mara kumi hivi, ili pedi na diski zizoeane, mpaka harufu ya pedi ijae ndani ya gari, halafu mwendo wa polepole kurudi Awendo bila kugusa breki, hewa ipite. Watu waliokuwa wakitafuna miwa kando ya barabara walitutazama wakadhani ni wachumba wanaogombana.

Kosa lililomuudhi kuliko yote lilikuwa kosa la huku, nami nililifanya. Homa Bay tuna mtindo wa kuosha magari ziwani. Unateremka, unaingiza magurudumu majini mpaka kwenye habu, pale katikati, na jamaa wenye ndoo wanakuja. Siku moja nilitoka Rongo nimebanwa na wakati, nikateremka ule mteremko mguu ukiwa juu ya breki, nikafika mjini nikaona gari lina vumbi, nikapitiliza hadi majini. Nilisikia "chaaa" chini ya gari. Nikaona mvuke. Jamaa wa ndoo wakacheka, nami nikacheka nao.

Kesho yake usukani ulitetemeka kila nilipokanyaga. Nilipofika Awendo Fundi hakuuliza nini kimetokea. Aliuliza, "Uliosha wapi?"

"Homa Bay."

"Homa Bay ni kubwa. Wapi?"

"Ziwani, Fundi."

Akavua kofia, akaiweka kwenye benchi, akakaa kando yake. Sikuwahi kusemwa na mama yangu mzazi nikaumia kama nilivyoumia kwa kofia ile. Kisha akaniambia kwamba diski ya moto ikitiwa majini hupinda, kwamba tangu magari yaanze kuwa mengi huku, ziwa limemletea kazi kuliko mashimo yote ya barabara, na kwamba ni kazi ambayo angefurahi kuikosa. Kuanzia siku hiyo hata nikitoka uwanjani huzunguka mara moja polepole bila kukanyaga ili diski zipoe, na nikiegesha zikiwa bado za moto sivuti breki ya mkono. Ni yeye aliyenifunza.

Sasa, msidhani alikuwa mtu wa mstari mmoja. Mtu huyu aliyehubiri breki kutwa nzima alikuja kazini kwa baiskeli isiyo na breki hata moja. Alisimama kwa kukandamiza soli ya kiatu kwenye tairi la nyuma. Nilimuuliza mara ngapi! Alisema baiskeli haina haraka. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelika kisigino chote, na fundi viatu wa sokoni alimtania kwamba wao wawili wanafanya kazi moja, ya breki. Alicheka, akalipa, akaendelea kukandamiza.

Alikuwa Msabato wa kweli. Ijumaa jua likielekea kuzama, spana zilirudi kwenye sanduku, hata kama gari lako liko juu ya jeki halina magurudumu. Mimi Mwislamu nilimwelewa kirahisi, na Ijumaa mchana yeye mwenyewe ndiye aliyenikumbusha saa ya sala. Lakini ilimaanisha kwamba mwenye mbio za Jumapili lazima awe ameshamaliza mambo yake na Fundi kabla ya Ijumaa jioni. Wengi walijifunza hilo kwa machozi.

Na alikuwa na majivuno, hilo nalo lisemwe. Wakati mmoja alifika pale fundi kijana aliyetoka chuo cha ufundi, mwenye adabu zake, akitaka kumwonyesha njia ya kutafuta ufa. Unapaka diski mafuta ya taa, unangoja yaingie ndani, unafuta kabisa, halafu unapaka unga wa chaki ya shule. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Njia ni nzuri, nimeiona baadaye kwa macho yangu. Fundi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mbele ya watu wote, "Hiyo ni ya viziwi." Benchi zima likaangua kicheko, nami nikiwemo. Kijana wa watu alikusanya chaki zake akaenda kutafuta kazi Rongo.

Miaka ya karibuni alianza mtindo mpya. Zamani, akigonga diski alifumba macho na hakutaka mtu karibu. Redio ilizimwa. Sasa alimwita mwenye gari. "Kuja. Simama hapa mbele yangu. Usikilize na wewe." Alimpanga mtu ng'ambo ya waya, uso kwa uso, diski katikati yao, ndipo akagonga, macho wazi. Wateja walipenda sana. Tulisema Fundi ameanza kutuheshimu, anatufundisha kazi, uzee umemlainisha. Na sauti yake ilikuwa imepanda kidogo, lakini kando ya barabara ya matrekta nani asiyepiga kelele?

Mara ya mwisho kumpelekea kazi ilikuwa Alhamisi, siku tatu kabla ya Jumapili ya uwanjani niliyokuwa nimeingoja miezi mingi. Nilikuwa nimeshalipia nafasi yangu. Usukani ulikuwa umeanza kutetemeka, kidogo sana, kule kwenye mwendo mkali tu. Nilijua vizuri kwamba diski mpya za gari langu zikiagizwa leo hazifiki kabla ya wiki mbili. Kwa hiyo niliingia Awendo nikiwa na ombi moja moyoni, kwamba Fundi aseme ziko sawa.

Kwenye benchi kulikuwa na madereva wawili wa matrekta na shemasi wa kanisani kwake mwenye pikapu. Fundi alifungua magurudumu ya mbele. Diski ya kushoto aliipima unene, akaridhika, akaitundika. Akaniweka mbele yake. Akagonga. Ikalia vizuri, mlio mrefu. Nikatabasamu. "Nzuri," akasema.

Akatundika ya kulia. Akagonga.

Ilikohoa.

Sikukosea. Miaka yote ile kwenye benchi nilikuwa nimejifunza sauti hiyo hata usingizini. Mlio mfupi, mzito, ukakatika. Lakini tabasamu la ile ya kwanza lilikuwa bado usoni mwangu, na nitasema ukweli wote, nililiacha pale kwa makusudi, kwa sababu nilitaka sana iwe nzuri. Fundi alinitazama. Si diski, mimi. Alinitazama machoni, akashuka mpaka mdomoni, akarudi machoni.

"Nzuri," akasema. "Tufunge."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mtindo wote ule wa simama mbele yangu, usikilize na wewe. Alikuwa hasikii. Sijui tangu lini. Alikuwa akisoma nyuso zetu, na nyuso za watu wasiotaka kudanganywa kuhusu breki zao husema kweli karibu kila mara. Wangu ndio uliokuwa umesema uongo, na kwa uongo huo angenifungia diski yenye ufa niende nayo kwenye mwendo ambao nyinyi hamjawahi kuuona kwenye dashibodi zenu.

Ruhusa niliyoitaka nilikuwa nimeipata, kutoka kwa mtu pekee ambaye neno lake nililiamini. Ningeweza kunyamaza, nikaenda. Ningeweza pia kusema, lakini ningesemaje? Kwa sauti ya chini asingesikia. Kwa sauti ya juu, madereva wale wawili wangesikia, na shemasi angesikia, na kabla ya Sabato Awendo yote ingejua kwamba Fundi wa Breki ni kiziwi. Mtu ambaye kazi yake yote iko kwenye sikio, kesho ataletewa gari na nani?

Alikuwa ameshanyoosha mkono kuishusha diski. Nikamshika kifundo cha mkono. Nikamwonyesha spana kwa kidevu, nikainua kidole kimoja, mara moja tena.

Akanikazia macho. Akagonga.

Safari hii niliuacha uso wangu useme kile sikio langu lilichosikia. Sikuigiza. Nilifikiria Jumapili yangu ikiondoka, nikafikiria ukuta wa kona ya mwisho, nikafikiria miaka niliyokaa kwenye benchi lile, na uso ukafuata wenyewe.

Fundi alisimama na spana mkononi. Diski ilizunguka kidogo kwenye waya, ikatulia. Niliona kwamba amejua, na amejua kwamba mimi nimejua.

Kisha akageuka kwenye benchi na kusema kwa sauti kubwa, ile sauti yake ya siku zote, "Hii inakohoa."

"Pole, dada," shemasi akaniambia.

Fundi aliishusha, akaibeba mwenyewe hadi nyuma ya kibanda, nami nikamfuata. Hakuitupa kwenye lundo. Aliiweka chini polepole, akaifuta tena kwa kitambaa chake, akaielekeza kwenye jua, akapitisha kucha juu yake mpaka kucha ikakwama karibu na tundu la bolti. Akanishika kidole changu na kukiweka pale pale nami nihisi. Kisha akaniuliza, na kwa mara ya kwanza siku ile alijaribu kushusha sauti, ikatoka ya kukwaruza.

"Mara ya kwanza ulicheka kwa nini?"

"Nilitaka iwe nzuri," nikamwambia, nikitamka taratibu aone midomo.

Akatikisa kichwa kukubali. Hakuvua kofia kama siku ya ziwa. Akatia spana nambari kumi mfukoni, akaitoa, akaitazama, akairudisha.

"Ukipita wiki ijayo," akasema, "niletee chaki. Boksi moja. Ile ya shule, nyeupe."